Kabla hujawapa wanafunzi brashi

Juzi mwalimu mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo dada. Wanafunzi wangu wanataka kuchora ukuta wa shule. Ninunue rangi gani?" Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Swali hilohilo ndilo lililoniangusha mimi.

Shule ilikuwa ya kata, Tanga, jirani na bahari kiasi kwamba upepo wa jioni unakuachia chumvi midomoni. Tulipewa ukuta wa mita 12 kwa mita mbili na nusu, na agizo kwamba picha iwe tayari kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Fundi alikuwa amepiga plasta wiki mbili tu nyuma. Michango tulivyoipata sielezi, wote mnajua inavyokuwa.

Watoto walitaka rangi ya mafuta kwa sababu inang'aa kama picha za Tingatinga. Nami, kwa kujifanya najua, nikawaambia Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwasisi wa picha hizo, alitumia rangi ya baiskeli. Ni kweli. Ila yeye aliipaka kwenye hadibodi kavu, mimi nikaipaka kwenye plasta mbichi! Plasta ya saruji inataka kama wiki nne ikauke, na rangi ya mafuta inaziba, maji yaliyo ndani hayana pa kutokea.

Siku ya mahafali tulipigwa makofi. Mgeni rasmi aliupongeza uongozi, watoto wangu wakabaki wamesimama nyuma ya maturubai na rangi kwenye kucha. Vuli ilipoingia ukuta ukaota malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole, likapasuka, maji yakanichuruzika mkononi, na jicho la samaki tuliyemchora likabaki limenata kwenye ncha ya kidole changu.

Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Nilimsimamisha kijana aliyekuwa akichanganya rangi, mbele ya wenzake, nikamwambia amezidisha tina, ile ya kuzimulia rangi. Akasema, "Sawa, madam." Hakurudi tena kwenye klabu yetu ya uchoraji. Tina haikuwa na kosa, na yeye pia hakuwa nalo. Likizo ilipofika ofisi ikapiga chokaa ukuta mzima bila hata kutuambia.

Mwaka uliofuata nilianza Juni, masika yakiwa yameisha. Tulikwangua wiki nzima. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi mmoja mzee alinifundisha bure: kata kipande cha nailoni ile ya kufunikia madaftari, kibandike ukutani kwa seloteipu pande zote nne, kiache mpaka kesho. Ukikuta umande kwa ndani, ukuta bado una maji. Sisi tulikuta umande mara tatu. Watoto walininunia, lakini nilisubiri. Safari hii tulinunua rangi ya maji ya nje, na chini kabisa, kama sentimita 25 kutoka ardhini, tukaacha chokaa tupu ili unyevu unaopanda upate pa kupumulia.

Mchoro tuliuweka kwenye karatasi mbili za grafu zilizogundishwa, sentimita moja ya karatasi ikawa mraba wa sentimita 25 ukutani. Miraba 48 kwenda, 9 kupanda. Kila mtoto na miraba yake. Hata asiyejua kuchora anaweza kunakili mraba mmoja. Ngalawa niliichora mimi, nikaipa ndubi, ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, upande mmoja. Binti mmoja, baba yake mvuvi, akaitazama akasema taratibu, "Madam, hiyo inapinduka." Tukaifuta. Ndubi mbili.

Mvua tatu zimepita, na ukuta uko palepale. Najisifu, ndiyo, niacheni nijisifu kidogo.

Lakini walimu wenzangu, tuambizane. Tunawageuza watoto vibarua wa ugeni. Tunataka picha ya kumwonyesha mkubwa, hatutaki kazi yao. Ukiona tarehe ya mgeni ndiyo inayokupangia lini upake rangi, kataa. Na majina yao yaandikwe ukutani, yasomeke. Nilipoyaandika niliambiwa yanachafua mandhari. Nikauliza mbona jina la mfadhili wa tangi la maji halichafui. Sikujibiwa, na sikuyafuta.

Jina la yule kijana wa tina nililiandika la kwanza. Ameshamaliza shule, sijui kama amewahi kupita akaliona. Radhi sijamwomba kwa mdomo wangu, na jina ukutani si radhi.

Basi, mdogo wangu wa Morogoro, marahaba. Rangi usinunue bado. Leo jioni bandika nailoni, kesho unitumie picha, ukaipige kabla jua halijafika ukutani.