Kumbuka yaliyotokea kwa lithiamu
Ndugu, umeuliza kama uanze dawa ya ALS (ugonjwa unaoharibu neva zinazoendesha misuli) kwa sababu utafiti mmoja mdogo umeisifu. Mimi nisingeanza. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walitangaza kwamba lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, inapunguza kasi ya ugonjwa huo, ila waliopewa walikuwa 16 tu. Wagonjwa hawakungoja, wakaanza kuimeza na kuandika wenyewe hali zao. Takwimu za 149 kati yao zilichapishwa 2011: haikusaidia kitu. Majaribio rasmi nayo yakatoa jibu lile lile. (Na lithiamu si ya kuchezea, ikizidi kwenye damu ni sumu.) Huo utafiti wako ulihusu watu wangapi? Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Mpelekee daktari wako wa neva ausome kabla hujanunua chochote.