Senga, majirani zetu wakimbizi wanatulisha, tuwashukuruje?

SWALI

Shikamoo Senga, shangazi yetu wa ushauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Mbeya ila sa hivi tunaishi Kyangwali, makazi ya wakimbizi huku wilaya ya Kikuube, Uganda, mume wangu ni mchungaji, makanisa ya nyumbani yamemtuma aje kuhudumu kwa wakimbizi wa Kongo. Namshukuru Mungu kwa kweli, watu wametupokea vizuri na lugha si shida, Kiswahili chao na chetu tunaelewana hata kama tunachekana. Shida yangu ni hii, majirani hawaishi kutuletea vitu. Mara sombe (kisamvu) imeshapikwa na mawese, mara mihogo, juzi bibi mmoja ambaye naye walimkata kwenye rasheni kaleta mayai matatu kwenye kikombe cha plastiki. Mi naona aibu, sisi ndo tumekuja kuwasaidia halafu tunakula chao. Mume wangu anasema tukatae kwa upole. Halafu kila miezi mitatu tunatakiwa kutuma ripoti nyumbani, ye anataka tuandike shukrani tu na mazuri, na picha za watu wakiwa kwenye foleni ya msaada, eti wafadhili wasije wakakata tamaa. Na binti yetu mkubwa, ana miaka 13, amegoma kabisa kutoa shukrani kwenye ibada ya jioni, anasema nishukuru nini na mmenitoa kwa rafiki zangu. Shuleni wamemrudisha madarasa mawili nyuma sababu ya Kiingereza. Nisaidie Senga.

Mama wa Watatu, Kyangwali

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mayai, maana mi naona barua yako yote iko humo kwenye kikombe. Usiyakatae. Huyo bibi rasheni yake ilikatwa, si unakumbuka 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walivyowagawa wakimbizi makundi matatu na wengine wakatolewa kabisa kwenye orodha, kwa hiyo thamani ya yai anaijua kuliko wewe na mimi, angeweza kuyapeleka senta akauza akapata chumvi na sabuni, lakini akafikiria watoto wako. Sasa ukimrudishia, hata kwa upole wa kichungaji, unamwambia nini? Unamwambia hapa mtoaji ni sisi, wewe kazi yako kupokea. Mtu amekimbia Ituri kule Kongo kaacha shamba, kaacha mbuzi, kavuka Ziwa Albert na mtoto mgongoni, tangu afike anapanga foleni na kuweka kidole kwenye mashine, leo kapata cha kumpa mgeni, muacheni basi jamani awe mwenye nyumba.

Na mgeni ni nyie kweli, tena wageni wa juzi. Uganda wakimbizi hawafungiwi kambini, sheria ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea nchini, na wengi wamepewa kiwanja cha kulima. Kwa hiyo mihogo mnayoletewa msiione kama chakula cha msaada mnachomnyang'anya maskini, hiyo ni jasho la jembe lake na anajivunia. Mume wako Luka 10 anaihubiri najua, pale Yesu anawatuma wale wanafunzi bila mfuko na kuwaambia wale kinachowekwa mbele yao. Basi mwambie kilichowekwa mbele yenu ni sombe.

Ila kuna namna ya kupokea. Kikombe hakirudi kitupu, hilo hujafundishwa na mimi, lakini pia kisirudi kesho yake asubuhi na sukari kilo mbili, hapo utakuwa umelipa deni na bibi ataona hivyo hivyo. Kaa nacho kidogo. Siku ukikaanga maandazi mtilie mawili matatu umpelekee mwenyewe, usimtume mtoto, ukae kwake, ukiambiwa njoo tule unawe mikono ule, halafu muombe akufundishe kutwanga hiyo sombe maana wa Mbeya kisamvu mnakipika kivyenu.

Mchungaji akiendelea kuona aibu, atafute mzee yeyote aliyetokea Boga, kule Ituri, amuulize habari za Apolo Kivebulaya. Mhubiri wa Kiganda yule, alivuka kwenda Boga 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi tena kwa watu wale wale, na alifariki huko huko 1933 na kaburi lake liko huko. Inasimuliwa aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo ambako kazi ilikuwa bado, wakati desturi ilikuwa kuelekezwa mashariki. Uganda ilimtuma mtu Kongo akala cha Wakongo miaka mingi, sa hivi Wakongo wako Uganda na wanakulisha wewe Mtanzania. Mi hapo sioni aibu iko wapi.

Ripoti sasa. Barua ya shukrani kwa wafadhili mnayo kwenye Biblia, Wafilipi sura ya 4, Paulo anashukuru zawadi aliyoletewa na Epafrodito huku yuko kifungoni, na hafichi, anawaambia njaa anaijua na shibe anaijua, na mwanzoni kabisa hakuna kanisa lingine lililomchangia isipokuwa wao. Waandikieni hivyo hivyo. Andikeni malaria ikiingia nyumbani, andikeni na mayai ya bibi, maana nyumbani watu wanadhani chakula kinatoka kwao tu. Picha za foleni acheni, hao watu wamekimbia vita, wengine hawataki sura zao zijulikane ziko wapi, na wewe ungekuwa kwenye foleni ya unga usingependa kupigwa picha.

Binti ndo ananiumiza zaidi. Mbeya kasoma shule ya msingi karibu masomo yote kwa Kiswahili, huku kila kitu Kiingereza mpaka mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, kwa hiyo hesabu anaijua ila swali haelewi, halafu anakaa na watoto wadogo kwake wanamcheka, akirudi jioni anaambiwa ashukuru. Na wewe ungegoma. Mtafutieni mwalimu wa jioni wa Kiingereza tu, na hiyo hela iombeni kwenye ripoti bila kuzunguka, mbona hela ya bati mnaomba. Simu umuachie atumiane voisi na rafiki zake WhatsApp, bando la wiki halitafilisi huduma. Kwenye ibada msimlazimishe, zamu yake ikifika mpeni Zaburi ya 13 asome, ile inayoanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau", hiyo nayo ni maombi na iko kwenye Biblia ya baba yake.

Mchungaji akisoma hapa akakasirika aniandikie mwenyewe, nafasi ya mwezi ujao iko wazi.