Mwanangu, kwanza kula mchana

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya jikoni nikairudia mara ya tatu. Unasema wiki ya sita sasa umepunguza kula na umeanza mazoezi. Mchana unajiweza kabisa, lakini ikifika saa nne usiku unajikuta umesimama mbele ya kabati, taa hujawasha, unakula biskuti moja baada ya nyingine mpaka pakiti inakwisha. Kisha unaniuliza: “Mama, wewe uliwezaje? Au mimi sina msimamo?”

Nianze na hilo la msimamo, maana najua ndilo linalokuuma. Umeniandikia siku yako inavyokwenda: asubuhi chai kavu, saa saba tunda, jioni unakimbia dakika 45, usiku bakuli la saladi. Mwanangu, mtu anayekula hivyo na kukimbia hivyo, usiku ukifika ana njaa. Ni hilo tu. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, nawe unajilaumu kwa kuvunja miiko.

Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana wa kiume 36 walijitolea kupunguziwa chakula ili wataalamu, wakiongozwa na Ancel Keys, waone njaa inamfanya nini binadamu. Walichaguliwa kwa uimara wa mwili na wa akili. Kwa miezi sita walipewa kalori kama 1,570 kwa siku huku wakitembea kilomita 35 kila wiki, na uzito wao ukapungua kwa karibu robo. Lakini kilichonishika mimi ni namna walivyobadilika. Walikuwa wakiwaza chakula kutwa. Wakakiota. Wakasoma vitabu vya mapishi, watu ambao zamani hawakujali jiko. Wakalamba sahani. Na waliporuhusiwa kula, wengine walikula wakala, tumbo limejaa, na bado hawakuhisi kushiba. Chakula ulichoniandikia, kwa hesabu yangu, hakifiki hata hicho walichopewa wao.

Mwili hauna habari kwamba unajinyima kwa hiari. Tumbo likikaa tupu hutoa homoni, yaani mjumbe wa mwili, inayoitwa ghrelini, nayo ndiyo inayougongea ubongo mlango kabla ya mlo. Homoni nyingine, leptini, hutoka kwenye mafuta ya mwili na kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Ukijinyima ghafla, leptini hushuka haraka, hata kabla nguo hazijaanza kulegea, na ubongo husikia kwamba ghala linakauka. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu 50 waliopewa chakula kidogo mno kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zinawasukuma kula. Sikwambii haya nikukatishe tamaa. Nataka ujue unashindana na nini, ili usikitafute kisa cha njaa yako katika tabia yako.

Mimi nilipoambiwa na daktari nipunguze uzito kwa sababu ya presha, nilifanya kama wewe. Nilikuwa najivunia kufika saa nane mchana bila kutia kitu mdomoni. Usiku mmoja, nyie mmelala, nilifungua chupa ya siagi ya karanga nikitaka kijiko kimoja. Nilichosikia baadaye ni kijiko kikigonga kioo cha chini. Nilibaki nimesimama pale, mdomo umenata, nikalia. Muuguzi aliyekuwa akinipima presha, mama mtu mzima, hakuniuliza kuhusu usiku ule hata kidogo. Aliniuliza nilikula nini asubuhi.

Basi hilo ndilo ninalokujibu: usiku wako unaharibika mchana. Asubuhi kula chakula chenye protini ya kutosha: mayai, maziwa ya mgando, samaki, maharage, chochote kinachokukubali. Wataalamu wengi kwa anayepungua huku akifanya mazoezi hutaja gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukiwa na kilo 70, hiyo ni kuanzia gramu 84, na yai moja lina gramu kama sita tu, kwa hiyo ujue si jambo la kugusia gusia. Protini hukaa na mtu. Vilevile mboga na nafaka zisizokobolewa, kwa ajili ya nyuzinyuzi. Na viazi, mwanangu, umeviacha kwa nini? Mwaka 1995 watafiti wa Sydney walipima vyakula 38 waone kipi kinashibisha zaidi kwa kalori zilezile. Viazi vya kuchemsha vikaongoza, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Vya kuchemsha lakini, si vya kukaanga.

Sasa kuna njaa na kuna uchu, na hivi viwili usivichanganye. Njaa huja taratibu, haichagui; hata kiporo cha maharage yaliyopoa inakitaka. Uchu huja ghafla na jina mkononi: chokoleti, ile ile, sasa hivi. Nilipokuwa sijui ni kipi kimenijia nilijiuliza, “Mayai mawili ya kuchemsha ningeyala?” Kama jibu ni ndiyo, nilikwenda kuyachemsha, hata kama ni saa tano usiku. Kula ukiwa na njaa si kosa.

Kama jibu ni hapana, nilivaa viatu. Uchu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe usipoubishia sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliona kwamba kutembea haraka kwa dakika 15 kunapunguza hamu ya chokoleti. Mimi nilizunguka nyumba tu. Mara nyingine nilirudi bado nakitaka kitu kile, basi nikakila: kipande kimoja kwenye sahani, nimeketi, taa inawaka. Usijiapize kwamba hutakigusa tena maisha. Kilichokatazwa kabisa ndicho kinacholala nawe kichwani. Ila pakiti nzima usiiweke mahali mkono unapofika bila kufikiri.

Kuhusu mazoezi nina neno moja la kukuonya. Usikimbie ili “kulipia” biskuti za jana. Dakika 45 zako huenda zisifikishe hata kalori za pakiti ile, na ukishaanza hesabu hiyo miguu inakuwa ya adhabu. Pia mara tu baada ya kukimbia kwa nguvu hamu ya kula hupungua kwa muda, unajidhania umeshinda, halafu njaa inakuja saa mbili tatu baadaye, au kesho yake. Wewe unakimbia jioni, kwa hiyo hesabu mwenyewe inakufikia saa ngapi. Ukirudi, kunywa maji, kisha kula mlo kamili kabla haijakufikia. Saladi haitoshi. Siku mbili kwa wiki acha mbio, nyanyua vyuma, maana mtu anayepungua bila kuutumikisha msuli huupoteza pamoja na mafuta.

Na upunguze mwendo. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa.

Lingine nalisema kwa sababu mimi ni mama yako. Ukiona hedhi imeruka, unapata kizunguzungu, unakula kwa kujificha mpaka unaumwa tumbo, au unafikiria kujitapisha, usinifiche wala usingoje. Nenda kwa daktari, nami nitakwenda nawe. Hayo hayatibiwi kwa ushauri wa barua.

Jambo moja hukuliandika nami nalitaka: unalala saa ngapi? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2004 uliwalaza vijana 12 wa kiume kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo. Leptini ikashuka, ghrelini ikapanda, njaa ikaongezeka kwa asilimia 24, hasa ya vitu vitamu na vya chumvi. Wewe saa nne usiku uko kabatini, na alfajiri uko njiani kwenda kazini. Niandikie wiki moja ya usingizi wako, saa ya kulala na saa ya kuamka, na pembeni yake uandike ulichokula asubuhi. Tutakaa tuisome pamoja ukija.

Mama yako