London mwisho wa Novemba: jinsi ya kupanga siku nne za makumbusho, muziki na tamthilia

Mkuu, umeuliza kama inafaa kutoka Muscat kwenda London siku nne mwisho wa Novemba kwa ajili ya makumbusho, muziki na tamthilia, au ni heri kusubiri majira ya joto. Nenda. Kwa mambo hayo Novemba inaishinda Julai: shule ziko wazi, foleni ni fupi, na kumbi za ndani zote ziko katikati ya msimu wao. Baridi inavumilika, kwa kawaida nyuzi 6 hadi 12. Kinachowavurugia wageni ratiba ni giza.

Saa ninazoandika hapa ni za Kiswahili, ila saa za London. Tiketi ikiandikwa 19:30, hiyo ni saa 1:30 usiku.

Mwanzo wa Novemba jua la London huzama saa 10:30 hivi. Mwezi ukiisha linazama kabla hata ya saa 10 kamili, na asubuhi huchomoza baada ya saa 1:30. Makumbusho mengi hufungua saa 4 asubuhi, kwa hiyo mwanga unaoweza kuutumia ni wa saa tano tu, na siku ya mawingu ni pungufu ya hapo. Panga siku kwa mwanga kwanza, ramani baadaye. Saa 4 hadi saa 9 alasiri ni za vitu vinavyohitaji jua. Kuanzia saa 9 uwe ndani, au njiani kuingia ndani.

Vitu vinavyohitaji jua si bustani na madaraja peke yake. Kumbi za zamani za picha zilijengwa na vioo darini ili mwanga ushuke juu ya michoro. National Gallery na Tate Britain zina vyumba vya namna hiyo, na Dulwich Picture Gallery ya kusini, iliyofunguliwa 1817, ilichorwa na msanifu majengo John Soane kwa kufuata wazo hilohilo. Saa 6 mchana rangi zinaonekana zilivyo. Giza likiingia, taa zinang'aa juu ya vanishi na utakuwa unasogea kushoto na kulia kutafuta pembe isiyo na mng'ao. Nyumba ya Soane mwenyewe, ambayo sasa ni makumbusho ya bure pale Lincoln's Inn Fields, ndiyo inayoumia zaidi. Vyumba vyake vinategemea matundu ya vioo juu, na ukiingia saa 10 jioni mwezi Novemba nusu ya sanamu utazikisia. Nenda asubuhi, Jumatano hadi Jumapili. Jumatatu na Jumanne hufungwa. Waulize wahudumu wanafungua saa ngapi zile kuta za chumba cha picha. Zina bawaba, na nyuma yake kuna michoro mingine.

Usiku wako mkubwa ni Ijumaa. British Museum hufungwa saa 2:30 usiku, National Gallery saa 3, V&A (Victoria and Albert, makumbusho ya sanaa na ubunifu) ya South Kensington saa 4. Tate Modern, ya sanaa ya kisasa, huchelewa hadi saa 3 Ijumaa na Jumamosi. Kuingia kwenye mikusanyiko ya kudumu ni bure kote huko. Maonyesho maalumu ndiyo ya kulipia. Usijaribu zote nne usiku mmoja. Chagua mbili zilizo karibu: British Museum kuanzia saa 11 jioni, halafu tembea dakika ishirini hivi hadi National Gallery ufike saa 1:30. Usiku baadhi ya vyumba hufungwa, hivyo fungua tovuti ya makumbusho asubuhi hiyo uone orodha ya vyumba vilivyofungwa kabla hujamwahidi mtu kitu.

British Museum ni bure lakini ina tiketi ya saa maalumu mtandaoni. Ichukue, kwa sababu kinacholeta foleni ni ukaguzi wa mabegi. Masanduku ya magurudumu hayaruhusiwi, kwa hiyo usipange kupitia hapo ukitokea uwanja wa ndege. National Gallery ina masharti makali zaidi: tangu Oktoba 2024 ilipiga marufuku vimiminika, isipokuwa maziwa ya mtoto na dawa ulizoandikiwa na daktari. Chupa ya maji iache hotelini.

Ndani ya British Museum, Mswahili aanzie chumba cha 25, ghorofa ya chini, unashukia kutoka chumba cha 24. Humo kuna sanaa za Afrika, na utakuta vitu vilivyoundwa Msumbiji kwa bunduki zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992. Kiti cha enzi kilichoungwa kwa silaha ni cha 2001. Makumbusho hayohayo yana jiwe la kukatia kutoka Olduvai, la karibu miaka milioni 1.8, na vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa, vilivyochaguliwa kwenye ile orodha yao ya vitu 100 vya historia ya dunia. Watu wetu wengi hukimbilia maiti za Misri na kutoka bila kujua kwamba jiwe la Tanzania limo. Kwenye sanaa ya leo, angalia kama kuna kazi ya Lubaina Himid ukutani siku hizo: alizaliwa Zanzibar 1954 na alishinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017. Makumbusho hubadilisha picha, kwa hiyo tafuta jina lake kwenye tovuti kwanza.

Kitu ambacho wengi bado hawakijui ni V&A East Storehouse, ghala la V&A kule Stratford lililofunguliwa kwa umma Mei 2025. Kuingia ni bure. Unaweza kuagiza kitu kutoka kwenye mkusanyiko wakutolee ukikague mezani kwa karibu, hadi vitu vitano. Ombi hilo linatumwa angalau wiki mbili kabla, na hapo ndipo wageni wanapokwama, maana hukumbuka wakiwa wameshatua. Andika Zanzibar au Lamu kwenye katalogi yao uone kinachotokea, chagua, agiza, ndipo ununue tiketi ya ndege.

Tamthilia sasa. National Theatre hutoa tiketi za pauni 10 mtandaoni kila Ijumaa saa 7 mchana, za maonyesho ya wiki inayofuata. Royal Opera House nayo ina mgao wa Ijumaa saa hiyohiyo. Kwa saa za Muscat ni saa 11 jioni, Dar ni saa 10. Maana yake kazi hiyo unaifanya Ijumaa kabla ya kusafiri, ukiwa nyumbani, akaunti umeshaifungua na kadi umeshaisajili. Anayeanza kuandika anwani yake saa 7 na dakika moja atakuta zimekwisha. Kwa maonyesho ya West End, eneo la katikati lenye majumba mengi ya tamthilia, kuna kibanda cha TKTS katikati ya Leicester Square, kinachouza tiketi zilizobaki kwa bei ya chini. Tiketi ikiandikwa kwamba mwono umezuiliwa, amini: majumba mengi ni ya karne ya 19 na nguzo zimesimama kwelikweli mbele ya viti. Ghorofa ya juu kabisa ina mteremko mkali na nafasi ya magoti ni finyu, na koti zito la mapajani litakukera kwa saa tatu. Lipia kulitunza. Ukichelewa, mlango hufungwa hadi pafike mapumziko au kituo kinachofaa.

Kama utaweza kununua mchezo mmoja tu, mimi ningechagua Sam Wanamaker Playhouse, ukumbi wa ndani wa Shakespeare's Globe, hatua chache kutoka Tate Modern. Ulifunguliwa 2014, una nafasi 340 hivi, na huangazwa kwa mishumaa ya nta. Sehemu kubwa ni mabenchi, mengine hayana egemeo, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu asome maelezo ya kiti kabla ya kulipa. Ule uwanja wa wazi wa Globe hauna maonyesho ya kawaida majira hayo, usiusubirie.

Muziki: kama tarehe zinasogezeka, sogeza wiki moja nyuma. Tamasha la jazi la London huwa katikati ya Novemba kwa siku kumi, na sehemu yake huchezwa bure kwenye kumbi za mapokezi za Royal Festival Hall na Barbican. Ukishindwa, Wigmore Hall ya 1901 ina tamasha la Jumatatu saa 7 mchana, na tiketi zake ni nafuu kuliko za usiku. Ni ukumbi mdogo wenye sauti safi mno. Kikohozi cha Novemba husikika mpaka jukwaani, weka peremende zisizo na karatasi ya kelele.

Kuhusu mavazi, ndani ni joto. Vaa nguo nyepesi tatu badala ya sweta moja nene, na juu koti lisilopitisha maji lenye kofia, kwani upepo wa mtoni hupindua mwavuli. Soli iwe na meno. Majani yaliyoloa kwenye vijia huteleza.

Nauli: gusa kadi ileile ya benki kuingia na kutoka kwenye treni. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, mfumo unaona safari mbili ambazo hazikukamilika na unakukata nauli ya juu kabisa kwa kila moja. Kwenye basi unagusa mara moja tu, ukipanda. Ijumaa na Jumamosi treni za usiku kucha zipo kwenye laini za Central, Jubilee, Northern, Piccadilly na Victoria, lakini si kwa urefu wote wa kila laini. Na Ijumaa ya mwisho ya Novemba kaa mbali na kituo cha Oxford Circus. Ni siku ya punguzo madukani na taa za Krismasi zimeshawaka, kwa hiyo shukia Tottenham Court Road.