Katuni humwonyesha mtoto anayesomeshwa nyumbani siku moja tu

Ukitaka kujua kwa nini mtoto anayesomeshwa nyumbani huonekana kituko kwenye katuni, angalia siku anayoonyeshwa. Mara nyingi ni siku yake ya kwanza shuleni. Kengele inamshtua, hajui akae wapi wakati wa kula, anamjibu mwalimu kwa maneno ya kitabuni na darasa zima linacheka. Nyumbani alikokulia miaka 9 au 10 kamera haikufika. Mchukue mtoto yeyote aliyehama kutoka Makete kuja shule ya katikati ya Jiji la Mbeya, umpige picha asubuhi ile ya kwanza tu, naye ataonekana hivyohivyo.

Watunzi wana sababu yao. Hadithi ya shule inahitaji mgeni asiyejua lolote, ili wenyeji wamweleze taratibu na mtazamaji azielewe papo hapo. Mtoto aliyetoka nyumbani anaifaa kazi hiyo kuliko mwingine yeyote, na kadiri anavyofanywa mjinga ndivyo kicheko kinavyokuja kwa urahisi. Hapo wanamvalisha nguo zilizopitwa na wakati, wanampa mama asiyembandua mkononi, na mwishoni shule inamponya kana kwamba alikuwa mgonjwa.

Watoto wakubwa huikuta picha hiyohiyo kwenye filamu. Mean Girls ya Marekani, ya mwaka 2004, inaanza na binti wa miaka 16 aliyesomeshwa nyumbani barani Afrika na wazazi wataalamu wa wanyama, naye tunakutana naye akienda shule kwa mara ya kwanza. Dakika zilezile za mwanzo zinapitisha haraka watoto wengine wa nyumbani: bingwa wa tahajia, na wavulana wa shamba wenye dini kupita kiasi. Ni wa kuchekwa tu, hawana kazi nyingine.

Yule bingwa wa tahajia ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu anafanana na sifa. Mzazi akishaumizwa na katuni hukimbilia kumwambia mwanawe, "Wewe una akili kuliko hao wa shule." Amemtoa kwenye dhana moja potofu na kumtia kwenye nyingine, tena hii ya pili mtoto ataibeba kwa fahari mbele ya wenzake, na wenzake watamkimbia.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania watoto wa namna hii ni wachache, ila wapo: wa familia za kigeni zilizokuja kikazi, wenye ugonjwa wa damu wa selimundu wanaokaa nyumbani wiki nzima kila maumivu yanapowashika, na wale ambao wazazi wao wameamua tu. (Anayeamua akumbuke kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule ya msingi, amwone afisa elimu kata mapema.) Na mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi, watoto wa nchi nzima walikaa na madaftari yao nyumbani. Mwalimu mwenye darasa la watoto wanaopenda katuni hizi ana mahali pazuri pa kuanzia hapo.

Namna ya kuitazama katuni yenyewe ni hii. Chagua kipindi kimoja cha dakika 20 hivi. Mara ya kwanza kitazameni mpaka mwisho bila kusimamisha. Ukikatiza kila dakika mtoto anakasirika, na anajifunza kwamba kucheka mbele yako ni kosa. Mara ya pili simamisha sehemu mbili tu, pale mgeni anapoingia darasani na pale anapochekwa. Uliza: jana yake, saa kama hii, alikuwa anafanya nini? Nani amemweleza utaratibu wa hapa? Mtoto wa miaka 5 hadi 7 atatosheka na swali la kwanza, na atalijibu kwa ubunifu usioutegemea. Wa miaka 10 na kuendelea mpe karatasi na penseli apige vijiti: upande mmoja mara ambazo huyo mtoto anajisemea mwenyewe, upande wa pili mara ambazo wengine wanamsemea. Mwache ahesabu na asome mwenyewe anachokiona. Ukiingiza hotuba yako hapo, karatasi ile haina kazi tena.

Kupiga marufuku hakusaidii. Ataitazama kwa jirani, na huko atacheka pamoja na wenzake bila mtu wa kumuuliza swali.

Baada ya katuni kuna swali la barabarani. Mtu mzima akishaitikia shikamoo, au kamwene kwa walio upande wa Iringa na Njombe, anauliza, "Unasoma shule gani?" Mtoto akiinamisha kichwa na kuchora chini kwa kidole cha mguu, amekuwa yule wa kwenye katuni, na amefanya hivyo kwa sababu hakuna aliyemwandalia jibu. Sentensi mbili zinatosha: "Nasomea nyumbani, mama ananifundisha. Sasa hivi tuko kwenye hesabu za sehemu." Kwa mtoto mwenzake aongeze, "Na wewe je?" Kwa mkubwa aishie pale. Fanyeni mazoezi mkiwa mmesimama, mara tatu, wewe ukibadilisha sauti. Asianze kueleza kwa nini hayupo shule, maana maelezo marefu yanasikika kama kujitetea.

Kisha atengeneze kitabu cha siku ambayo katuni haiionyeshi. Kunja karatasi 4 za A4 katikati, upate kurasa 16. Zidisha karatasi na za ndani zitachomoza nje ya ukingo, kitabu kiharibike sura. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene. Pitisha uzi tundu la kati kutoka ndani, uzungushe tundu la juu na la chini, urudi katikati ufunge fundo. Namba za kurasa ziandikwe kwa penseli baada ya kushona. Zikiandikwa kabla, ukurasa wa 3 utajikuta baada ya wa 8.

Masharti ya hadithi ni mawili: iwe Jumanne ya kawaida, na neno shule lisitajwe. Baridi ya Julai, uji, hesabu ya kujua gunia la viazi lililofungwa lumbesa limezidi kilo 100 kwa kiasi gani, ugomvi na mdogo wake, mpira jioni. Kurasa zikikosa mtoto mwingine hata mmoja wa rika lake, usimsahihishe. Amekuambia jambo la kweli, nawe tafuta kwaya, timu au Sunday school ya kila wiki kabla ya kuilaumu katuni.

Kitabu kikiisha, msomaji wa kwanza awe mtoto wa jirani anayekwenda shule. Mwache acheke pale anapotaka kucheka, halafu muwashe ile katuni tena, wakiwa wawili.