Maji kichwani kwa mtoto njiti: majibu ya maswali yenu

Tangu tuzungumzie watoto njiti wanaovuja damu kwenye ubongo, maswali yamemiminika. Naanza na la bibi mmoja kwa sababu halisubiri.

Mjukuu wangu ana mrija kichwani. Tangu jana anatapika na kulala tu, hata kunyonya mpaka aamshwe. Mama yake anasema ni tumbo. – Bibi mwenye wasiwasi

Shikamoo bibi. Natumaini hukusubiri jibu langu. Mtoto mwenye mrija wa kupeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni, ule unaoitwa shanti, akitapika na kusinzia kupita kawaida ni wa hospitali leo hii, hata kama mwishowe itakuwa tumbo kweli. Mrija huziba, na mwaka wa kwanza ndio wenye visa vingi. Mshike utosi akiwa ameketishwa na hajalia: ukiwa umevimba na kukaza, au macho yameshuka chini mpaka weupe unaonekana juu ya mboni, msingoje kupambazuke. Homa, au wekundu wa ngozi unaofuata njia ya mrija, huenda ni maambukizi.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 27. Siku ya tatu altrasaundi ikaonyesha damu, daraja la tatu. Je, nilimbeba vibaya? – Mama J.

Hapana, mama. Kabla ya wiki ya 32, kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo kuna tishu laini yenye vimishipa vyembamba mno. Presha ya damu ikiyumba, vinapasuka, na mara nyingi hilo hutokea ndani ya saa 72 za mwanzo. Daraja la kwanza damu hubaki kwenye tishu hiyo. La pili huingia chumbani. La tatu hukijaza mpaka kikatanuka. La nne nyama ya ubongo yenyewe imeumia. Kubeba kwako hakumo.

Damu imeacha kuvuja. Haya maji yanatoka wapi? – Baba wa pacha

Ubongo hutengeneza maji mchana na usiku, nayo hunyonywa kurudi kwenye damu. Mabaki ya damu iliyovuja huziba njia hizo, kwa hiyo maji hujaa siku au wiki kadhaa baadaye. Kwa baadhi ya watoto hali hutulia yenyewe. Kichwa cha njiti kikiongezeka sentimita mbili kwa wiki, mwambieni daktari. Lakini tepu ya kupimia kichwa huchelewa: vyumba vinaweza kutanuka sana ndani kabla kichwa hakijakua kwa nje. Ndiyo maana altrasaundi hurudiwa.

Daktari mmoja anataka maji yatolewe sasa, mwingine anasema tungoje. Tumsikilize nani? – Mzazi

Mimi naegemea kwa wa kwanza, na sababu ni utafiti uitwao ELVIS, wa watoto 126 katika nchi kadhaa. Kundi moja lilianza kutolewa maji mara vyumba vilipopita kiwango cha juu cha kawaida. Jingine lilisubiri mpaka vitanuke milimita kadhaa zaidi. Walipofikisha miaka miwili, waliokufa au kuwa na ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 35 katika kundi la mapema na asilimia 51 katika kundi la kungoja. Idadi ya waliohitaji mrija wa kudumu haikutofautiana sana, na tofauti ya vifo au ulemavu ilionekana wazi zaidi baada ya kuzingatia ukubwa wa damu na wiki za kuzaliwa. Hata hivyo, ningemuuliza huyo wa pili: tunangoja tuone nini, na kipimo kijacho ni lini?

Kutoa maji mapema si kuweka shanti mapema. Huanza kwa sindano ya mgongoni, au kifuko kidogo chini ya ngozi ya kichwa ambacho daktari huchotea, kwa kawaida kama mililita 10 kwa kila kilo ya uzito. Shanti husubiri mtoto afikishe kilo mbili na zaidi na maji yatakate, maana damu na protini huuziba.

Kuna aliyeuliza kama dawa zingetosha. Asetazolamidi na furosemidi zilijaribiwa kwa watoto 177. Matokeo ya mwaka 1998 yalionyesha hazikusaidia, na waliozipata walifanya vibaya zaidi.

Akishawekewa mrija atakuwa kama wenzake? – Mama wa binti

Mrija huondoa presha. Haurudishi kilichoharibiwa na damu. Wapo wanaotembea na kusoma vizuri, wapo wenye mtindio wa ubongo, makengeza, kifafa, au ugumu wa hesabu unaojitokeza shuleni. Daraja la nne la upande mmoja mara nyingi hudhoofisha mkono na mguu wa upande wa pili, hivyo mazoezi ya viungo yasingoje dalili. Mkadirie kwa umri uliorekebishwa: aliyewahi wiki 13, akiwa na miezi 10 analinganishwa na wa miezi saba. Na msiache kliniki anapotembea, maana mengine huonekana miaka mingi baadaye. Utafiti wa DRIFT, wa kuosha vyumba vya ubongo ili kutoa damu iliyovuja, ulisimamishwa kwa kuwa baadhi walivuja damu tena. Lakini watoto hao walipofuatiliwa hadi miaka 10, waliooshwa walionekana kuwa na uwezo bora wa kufikiri.

Mwenye shanti anachanjwa? – Dada M.

Ndiyo, chanjo za kawaida, kwa umri wa tarehe ya kuzaliwa, si ule uliorekebishwa.