Kabla ya kumchukua chipukizi, mfungulieni nafasi

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa hili: timu unayoishabikia katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikibahatika kupata chaguo la juu kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya, imchukue chipukizi, au ilitoe chaguo hilo kwa timu nyingine ili ipewe mchezaji aliyekwisha kukomaa? Ninajibu nikiwa shabiki wa Memphis Grizzlies, kama walivyo wengi wa rika langu hapa Dar es Salaam, kwa sababu ambayo haihitaji maelezo marefu. Katika drafti ya Juni 2009, kwetu kukiwa ni usiku wa manane, kamishna David Stern alimtaja Hasheem Thabeet, mzaliwa wa jiji hili, kuwa chaguo la pili, na Memphis ikawa timu yetu.

Kwa maoni yangu, chipukizi achukuliwe, kwa sharti moja ambalo katika mabishano yetu husahaulika kila mwaka. Kabla jina lake halijatangazwa, nafasi atakayoichezea iwe imekwisha kuachwa wazi, hata kama itabidi timu iachane na mchezaji anayependwa na mashabiki. Timu isiyo tayari kulipa gharama hiyo ni afadhali ilibadilishe chaguo lake mapema, lingali na thamani kubwa.

Katika viwanja vya Upanga, mazoezi ya jioni yakishamalizika na watu wakabaki wanabishana huku wanafungua viatu, drafti ya 2009 hurudi mara kwa mara, na hoja ni ile ile: Memphis ilimwacha James Harden, aliyekuwa chaguo la tatu, na ikamwacha Stephen Curry, aliyekuwa wa saba, ambao wote walikuja kuwa nyota wakubwa wa ligi. Vijana husema hivyo kwa uchungu, kana kwamba kosa lote lilikuwa katika jicho la aliyechagua. Ninawaelewa, lakini hoja hiyo haigusi kiini cha jambo.

Udhaifu wa Thabeet ulikuwa wazi kabla ya drafti. Mnamo Februari 2009, katika mchezo wa vyuo kati ya Connecticut na Pittsburgh, yeye, akiichezea Connecticut, na DeJuan Blair wa Pittsburgh waligombea mpira chini ya kikapu mikono yao ikiwa imenasana, na Blair, aliyezidiwa urefu kwa takriban sentimeta 20, alimvuta juu ya bega lake na kumbwaga chini. Blair alimaliza mchezo huo akiwa na pointi 22 na ribaundi 23, yaani mipira aliyoidaka baada ya mitupo kukosa. Kila aliyetazama aliona kwamba mrefu yule wa sentimeta 221 alihitaji nguvu zaidi za miguu na kiuno, na alihitaji muda, kwa kuwa alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15. Alikuwa mzuiaji hodari wa mitupo, na mwaka huo alishiriki tuzo ya mchezaji bora wa kanda yake na Blair huyo huyo. Alichokosa kingeweza kufundishika, ila senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, hafundishiki akiwa benchi.

Na Memphis tayari ilikuwa na senta. Marc Gasol alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza akiwa na wastani wa pointi karibu 12 na ribaundi zaidi ya 7, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu, yaani hakuwa mzee anayesubiri kupokelewa. Mchezo una dakika 48. Katika msimu wa 2009/10 Gasol alicheza zaidi ya 35 kati ya hizo kwa wastani, na Thabeet akaambulia 13. Kuwapa watu wawili kazi moja namna hiyo ni sawa na kuwaketisha mafundi wawili kwenye cherehani moja: aliyekwisha kuijua ndiye atakayeshona, na mwanafunzi atabaki kutazama. Tena timu ilikuwa inapanda, kutoka ushindi wa michezo 24 hadi 40, na kocha anayefukuzia ushindi hana dakika za kumpa anayejifunza. Februari 2010 Thabeet alipelekwa Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, akiwa ndiye mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo.

Mwaka mmoja baadaye Memphis ilimpeleka Houston, ikaongeza na chaguo la raundi ya kwanza, ikampata Shane Battier. Hapa Dar habari hiyo ilipokewa kama msiba. Lakini Aprili 2011 ni Battier aliyefunga mtupo wa pointi tatu katika sekunde za mwisho dhidi ya San Antonio, na Grizzlies ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa katika mechi za mtoano. Yaani dakika alizokosa kijana wetu hazikuwepo tangu mwanzo, na waliomchagua walikuwa na kila sababu ya kulijua hilo mwezi Juni 2009.

Sasa tuitazame timu ile ile, ikiwa na chaguo lile lile la pili, miaka kumi baadaye. Mike Conley alikuwa amekaa Memphis misimu 12 akiongoza mashambulizi, na hakuna shabiki wa Grizzlies asiyemheshimu. Siku moja kabla ya drafti ya 2019 timu ilikubaliana na Utah kumwachia Conley. Usiku uliofuata ikamtaja Ja Morant, wa nafasi ile ile, na kijana huyo alikabidhiwa mpira tangu siku ya kwanza. Alicheza dakika 31 kwa mchezo na akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Zaidi ya hapo, chaguo la 23 lililotoka Utah katika mabadilishano hayo lilitumika kupanda hadi la 21 na kumpata Brandon Clarke, ambaye naye aliingia katika kikosi cha kwanza cha chipukizi bora wa msimu. Morant ni mchezaji wa kipaji tofauti na Thabeet, sibishi, lakini hebu tujiulize angekuwa wapi kama Conley angebaki na yeye akapewa dakika 13.

Hata hao wawili wanaotajwa kila mara Upanga wanaunga mkono ninachosema. Harden aliingia Oklahoma City akitokea benchi, na alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018 akiwa Houston, baada ya kubadilishwa Oktoba 2012 na kupewa timu aiongoze. Curry alipofika Golden State, Monta Ellis, mlinzi kama yeye, ndiye aliyekuwa kipenzi cha mashabiki. Machi 2012 klabu ilimtoa Ellis kwenda Milwaukee ili impate Andrew Bogut, na siku chache baadaye mmiliki Joe Lacob alizomewa uwanjani kwake mwenyewe, mbele ya wageni waliokuja kumuenzi Chris Mullin, nyota wa zamani wa klabu hiyo. Mwaka 2015 klabu hiyo ilikuwa bingwa. Waliomzomea walikuwa mashabiki waaminifu. Walichokiona ni mtu aliyeondoka. Nafasi aliyoiacha hawakuiona.

Upo mfano mmoja unaonisumbua, nao ni wa Boston. Mwaka 2017 klabu hiyo ilimchukua Jayson Tatum ikiwa na Jaylen Brown anayecheza pembeni kama yeye, kisha ikamsajili Gordon Hayward wa eneo hilo hilo. Kwa hesabu yangu Tatum angesota. Lakini Hayward alivunjika mguu katika mchezo wa kwanza wa msimu, na njia ikafunguka kwa ajali ambayo hakuna aliyeitaka. Ubingwa wa Boston wa 2024 ulisimama juu ya Brown na Tatum, na siwezi kudai kwamba uongozi wao ulifuata kanuni yangu.

Wanaotaka chaguo litolewe ili aletwe nyota aliyekomaa, nawaomba wawakumbuke Brooklyn Nets. Mwaka 2013 waliipa Boston machaguo matatu ya raundi ya kwanza, pamoja na haki ya kubadilishana nao chaguo jingine, wakawapata Kevin Garnett na Paul Pierce ambao umri ulikuwa umekwisha kuwatupa mkono. Brown na Tatum walipatikana kutokana na machaguo hayo hayo. Kuna pia suala la fedha: chipukizi wa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa, miaka miwili ikiwa na uhakika na miwili mingine ikiwa kwa hiari ya timu, ilhali nyota hula sehemu kubwa ya bajeti ya mishahara.

Kwa hiyo Juni 2025, wenzangu wengi walipokasirika kwa sababu Desmond Bane amepelekwa Orlando, mimi sikukasirika. Bane nilimpenda, alichaguliwa wa 30 mwaka 2020 na akawa nguzo. Lakini Memphis ilipata Kentavious Caldwell-Pope, Cole Anthony na machaguo manne ya raundi ya kwanza, na siku kumi baadaye, katika usiku wa drafti, ikatumia sehemu ya machaguo hayo kupanda hadi nafasi ya 11 na kumpata Cedric Coward, mchezaji wa pembeni, eneo lile lile ambalo Bane alikuwa ameliacha. Mpangilio ulikuwa ule wa Conley na Morant, na ndio uliofuatwa Februari 2024 pale senta Steven Adams alipopelekwa Houston, kisha Zach Edey, mrefu kumzidi hata Thabeet, akachaguliwa wa tisa Juni mwaka huo na kuanza kazi bila mtu wa kumziba.

Ninachoomba kwa machaguo yaliyosalia ni kwamba mpangilio huo usivunjwe kwa tamaa ya urefu au ya jina. Ikitokea kwamba kipaji bora kilichobaki mezani ni senta mwingine, uongozi uchague mapema moja kati ya mawili: Edey aagwe kabla ya usiku wa drafti, au chaguo liuzwe kwa mchezaji wa nafasi nyingine mwenye umri usiozidi miaka 25 na mkataba wenye angalau miaka mitatu mbele. Wasiwaweke wote wawili, wakamwambia mdogo asubiri zamu yake.